Shule ya Gando: urithi uliolala sakafuni

Kwanza wanaingia vijana wa kiume. Wamejipanga mstari mmoja, kila mtu na kigongo chake, wanashindilia udongo wa chini kwa saa nyingi, wanakwenda na kurudi. Kisha wanaingia mama zao. Hawa wameinama, wanamwagia maji na kupiga, wanamwagia na kupiga, saa nyingi tena. Wakitoka wanakuja wa kusugua. Wanachuchumaa na jiwe laini mkononi, na kazi yao ni kuisugua sakafu ile mpaka iteleze kama ngozi iliyopakwa mafuta.

Hiyo ni sakafu ya darasa. Ilipigwa hivyo katika Shule ya Msingi Gando, kijiji cha watu wapatao 3,000 kilicho kama kilomita 200 kutoka Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso. Shule ilikamilika mwaka 2001, ikiwa na madarasa matatu tu. Mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mwaka 2022 aliyeibuni, Diébédo Francis Kéré, akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna iliyo juu yake.

Ukitafuta picha za shule hii utaonyeshwa paa. Paa lenyewe ni la kutazamwa kweli: bati pana lililonyanyuliwa juu ya kuta kama kofia ya pama iliyoshikwa na upepo. Sina ugomvi nalo, nitalifikia. Lakini swali linaloulizwa kila mara kuhusu Gando ni jinsi shule inavyoweza kufanana na mahali pake na kubeba urithi wa watu wake, na kwa swali hilo mimi naona jibu liko chini ya miguu kabla ya kuwa juu ya kichwa. Paa lile ni la kigeni kabisa pale kijijini. Sakafu ndiyo ya kwao.

Nasema hivi kwa sababu sisi huku Afrika Mashariki tumezoea kuutafuta urithi kwenye sura ya jengo. Mtu akiambiwa ajenge kitu "chenye asili yetu" anaweka makuti juu ya zege, anachora ngao na mikuki ukutani, au anatundika mlango wenye nakshi za Kizanzibari kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Jengo limevaa kanzu kwa ajili ya picha, na ndani yake hakuna lolote lililojengwa kwa maarifa ya mtu wa pale.

Mtoto aliyepelekwa mbali kusoma

Kéré alizaliwa Gando mwaka 1965, mtoto wa kwanza wa mkuu wa kijiji, enzi nchi bado inaitwa Volta ya Juu. Gando hakukuwa na shule. Alipofika miaka saba akapelekwa mjini Tenkodogo akakae na ndugu na kusoma, akawa wa kwanza kijijini kwao kwenda shule. Darasa aliloingia lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, giza ndani na joto la kuchoma.

Anasimulia jambo moja ambalo ukilijua unaelewa mengi. Kila likizo ikiisha na yeye akiwa njiani kurudi Tenkodogo, alipita nyumba kwa nyumba kuaga, na wanawake wa kijiji wakafungua pindo la nguo wakampa sarafu waliyobaki nayo. Akamuuliza mama yake kwa nini wote wanampenda hivyo. Jibu likawa kwamba wanachangia masomo yake ili afaulu, kisha siku moja arudi kusaidia. Msomaji aliyekulia kijijini huku kwetu hahitaji kufafanuliwa deni la namna hiyo.

Mwaka 1985 akaenda Berlin kwa ufadhili wa kujifunza useremala. Mchana alifunzwa kutengeneza mapaa na samani, jioni akasoma masomo ya sekondari. Mwaka 1995 akapata ufadhili mwingine wa kusomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Bado akiwa mwanafunzi, mwaka 1998, akaanzisha chama cha kuchangisha fedha kilichoitwa kwa Kijerumani Schulbausteine für Gando, yaani matofali ya shule kwa ajili ya Gando. Shahada yake aliipata mwaka 2004, mwaka uleule jengo lake la kwanza lilipopewa tuzo ya dunia. Kwa hiyo shule hii si kazi ya mtaalamu aliyebobea aliyeletwa na wafadhili. Ni kazi ya fundi seremala wa miaka thelathini na kitu ambaye cheti chake cha usanifu kilikuwa bado hakijatoka.

Kiwanja kilivyokuwa

Ukilichambua eneo la Gando kama tunavyochambua kiwanja cha kujenga, orodha ya shida inakuja haraka. Joto la kiangazi hufika nyuzi 40. Mvua ni za msimu mmoja, lakini zikija zinakuja kwa nguvu na ukuta wa udongo usio na kinga unamomonyoka. Hakuna barabara ya kupitisha lori la vipande vikubwa vya paa, na winchi ya kunyanyulia mizigo ni gharama isiyofikirika. Mbao nzuri ni adimu katika ukanda ule, na mchwa wapo.

Kilichopo kwa wingi ni udongo, na watu wanaoujua. Hapo ndipo penye utamu wa kisa hiki, kwa sababu udongo huo wenyewe walioukataa kwanza ni wanakijiji.

Kéré alipowaambia kwamba shule itajengwa kwa udongo, hawakufurahi hata kidogo. Walitarajia kijana wao aliyekwenda Ulaya alete kitu cha Ulaya. Tena walikuwa na hoja, si ushamba: nyumba zao za udongo zilihitaji kukandikwa upya kila baada ya masika, na walizijua tabia zake kuliko yeye. Shule ya udongo itasimama vipi mvua ikinyesha?

Nadhani hapa wengi wanaosimulia kisa cha Gando wanapita haraka mno. Wanaieleza kama hadithi ya wanakijiji waliosahau asili yao na mtaalamu aliyewakumbusha. Mimi naiona kinyume. Wanakijiji walikuwa wanafanya kazi ya mkaguzi wa ujenzi. Huku kwetu pia nyumba ya udongo ni alama ya umaskini, na mtu aliyejinyima miaka kumi apate tofali za saruji na bati hutamwambia kirahisi kwamba kuta za bibi yake zilikuwa bora. Kuheshimu urithi wa mtu ni pamoja na kuheshimu malalamiko yake juu ya urithi huo. Kama nyumba ya udongo ilimvujia utotoni, basi kuvuja nako ni sehemu ya anachokijua kuhusu udongo, na msanifu anapaswa kukijibu.

Kéré alikijibu kwa vitendo. Udongo haukuachwa kama ulivyo. Uliongezwa saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, ukatoka tofali lenye kingo kali na nguvu ya kubeba. Wakala wa serikali ya Burkina Faso uitwao LOCOMAT, ulioshughulika na vifaa vya ujenzi vya nchini, ulikubali kuwafundisha wafyatuaji. Anayejua matofali ya kufungamana yanayofyatuliwa Tanzania, Kenya na Uganda ataitambua familia hiyo: udongo wa palepale, saruji kiasi, mashine ya mkono, hakuna tanuri wala kuni. Kisha ukuta ukakingwa na upenu mpana unaotupa maji mbali. Hoja ya mvua ikawa imejibiwa mara mbili, mara moja ndani ya tofali na mara ya pili juu ya ukuta.

Sasa paa

Bati limeenea Burkina Faso kama lilivyoenea huku, na kwa sababu zilezile: jepesi, linapatikana dukani, fundi yeyote anajua kulipiga misumari. Ubaya wake kila aliyesoma chini yake anaukumbuka. Saa nane mchana darasa ni tanuri. Mvua ikianza, mwalimu anaweka chaki chini, maana hata akipiga kelele hasikiki dawati la pili.

Kéré hakulifukuza bati wala hakurudisha nyasi. Alilitenganisha na darasa. Juu ya kuta pamepita mihimili ya zege inayovuka upana wa chumba. Juu ya mihimili zimelazwa nondo, na juu ya nondo yamepangwa matofali yaleyale ya udongo, makavu, bila mchanganyiko wa kuyashikiza, yenye nafasi za kupitisha hewa. Hilo ndilo dari. Juu yake ni uwazi, na juu ya uwazi ndipo lilipo bati, limebebwa na kenchi za chuma.

Hewa ya darasani ikipata moto inapanda, inapenya darini na kutoka. Bati likichomwa na jua, joto lake linabaki kwenye ule uwazi na upepo unalifagia. Udongo wa dari ni mzito, haupati moto haraka. Sauti ya mvua nayo, kabla ya kumfikia mwalimu, ina tabaka zima la tofali la kupita. Madirishani hakuna kioo: kuna vipande vya chuma vinavyogeuzwa kufungua na kufunga, upepo uingie na jua libaki nje. Yote hayo bila umeme.

Kenchi ndizo zinazonifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika paa hili. Kwa kuwa vyuma vikubwa visingefika na hata vingefika visingenyanyulika, zilitengenezwa kwa nondo za kawaida, zile za kutilia kwenye zege, zikakatwa na kuchomelewa palepale kiwanjani. Kilichohitajika ni kuwafundisha vijana kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea. Nondo nyembamba zikishikana pembetatu kwa pembetatu zinabeba bati na upepo wake, na kipande kizima wanakibeba watu mabegani. Ukiziangalia kwa mbali zinaonekana kama mchoro wa kalamu, na watalii wa usanifu wanazisifu kwa wepesi wa sura yake. Wepesi huo ulitokana na kukosa winchi.

Madarasa matatu yamepangwa mstari mmoja, na kati ya darasa na darasa pameachwa nafasi iliyoezekwa na paa hilohilo. Hapo watoto wanacheza, na mwalimu akitaka anafundishia. Mtu wa Pwani akiona atasema: hii si baraza? Ni baraza kwa kazi yake, ingawa hakuna aliyeitoa Mombasa. Penye jua kali, watu kila mahali hugundua kwamba chumba bora kuliko vyote ni kile chenye paa na kisicho na kuta.

Gharama ya jengo hili ilikuwa kama dola 30,000 za Marekani, kwa zaidi ya mita za mraba 500 ukihesabu na sehemu hizo za wazi. Sehemu ya kazi ilikuwa ya kujitolea, na jasho la kujitolea haliingii kwenye hesabu. Nakumbusha hilo kwa sababu nimeona watu wakiinua tarakimu hii kama kwamba mkandarasi yeyote angeweza kuitoa.

Urithi ambao haukupigiwa picha

Burkina Faso ina majengo ya asili ambayo msanifu yeyote angevutiwa kuyaiga. Tiébélé, karibu na mpaka wa Ghana, kuna boma la kichifu la Wakasena ambalo kuta zake wanawake wanazichora michoro ya pembe na mistari, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mwaka 2024 UNESCO ililiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mtu mwenye haraka ya kujenga "shule ya Kiburkinabe" angechukua michoro ile akaibandika kwenye ukuta wa darasa, na magazeti yangempenda.

Gando si Tiébélé. Watu wake ni wa jamii ya Bissa, na michoro ya Wakasena isingekuwa ya kwao. Tena jengo la 2001 halina hata umbo la nyumba ya kijijini. Ni mstari mnyoofu wa vyumba vya mita kadhaa kwa mita kadhaa, kama madarasa ya serikali popote. Ukiletewa picha yake bila maelezo usingesema ni la jamii gani.

Kilichokuwa cha kwao ni namna ya kufanya kazi. Nyumba za Gando tangu zamani hujengwa na kukarabatiwa kwa watu kukusanyika, na shule ikajengwa hivyohivyo. Watoto walikusanya mawe ya msingi, wanawake wakaleta maji ya kufyatulia matofali, sakafu ikapigwa kama nilivyoeleza mwanzo. Kéré angeweza kumwaga jamvi la zege akamaliza sakafu kwa siku moja. Aliacha nafasi ndani ya jengo la kisasa ambayo ilihitaji ujuzi wa akina mama wa Gando na haikuhitaji fundi yeyote wa kutoka nje. Kwa maneno mengine, kulikuwa na hatua ya ujenzi ambapo msanifu aliyesomea Berlin alikuwa kibarua na mama wa kijijini ndiye fundi mkuu.

Nikiri kwamba hapo kwenye watoto kubeba mawe nilisita. Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania tunajua kubeba matofali, kuchota maji, kulima shamba la shule, na tunajua kwamba si kila mara ilikuwa elimu ya kujitegemea. Mara nyingine ilikuwa adhabu, au ilikuwa nyumba ya mtu. "Nguvu za wananchi" nayo imechakaa mdomoni. Wananchi wanajenga boma mpaka linta, wanaahidiwa kupauliwa, na boma linasimama miaka likiota majani ndani. Kuchangia jasho peke yake hakulifanyi jengo liwe lako. Pale Gando naona tofauti mbili. Jengo lilipauliwa, na waliochangia waliondoka na kitu mikononi: kuna waliojua kufyatua tofali lile, kuna waliojua kuchomelea. Serikali ya eneo ilitoa walimu na kuwalipa, kisha ikawatafutia vijana waliofunzwa pale kazi katika miradi ya umma mjini. Vijiji viwili jirani vikajijengea shule zao kwa mfano huohuo wa ushirika.

Umbo lilikuja baadaye

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni kwamba Gando ni majengo kadhaa, na yanavyofuatana yanaonyesha ujasiri unaokua.

Mwaka 2004 zilikamilika nyumba sita za walimu. Mwalimu hakai kijijini pasipo na nyumba. Hilo halihitaji utafiti, mkuu wa shule yeyote wa Sumbawanga au Samburu atakwambia. Nyumba hizi hazikupangwa mstari kama kota. Zimepangwa kwa upinde mpana, zikikumbusha mpangilio wa maboma ya eneo lile, na kuta zake ni nene, zimebeba dari za tao. Hapo ndipo umbo la kijiji linapoonekana kwa mara ya kwanza, na limetumika kupanga makazi, mahali ambapo kweli lina kazi.

Mwaka 2008 yakaongezwa madarasa manne. Wanafunzi walikuwa wameanza 120, na baada ya miaka walifika 700. Dari la nyongeza hii halikuwa tena bapa: ni tao la matofali lenye nafasi za kupumulia. Tao liliwatia watu wasiwasi upya, maana nani ameona udongo ukielea hewani bila nguzo? Likajengwa tao la majaribio, watu wakapanda juu wakalirukia. Halikuanguka. Namna hiyo ya kuthibitisha mahesabu inaeleweka na kila mtu, aliyesoma na asiyesoma.

Maktaba ya shule ilikwenda mbali zaidi. Ina umbo la yai, na hapo unaziona nyumba za asili za mviringo bila kuambiwa. Wanawake wa kijiji walileta vyungu vyao vya kufinyanga, vikakatwa juu na chini vikabaki pete, vikapangwa darini kabla ya kumwaga zege. Zege lilipokauka, kila chungu kikawa tundu la duara linaloshusha mwanga na kupandisha joto. Nje pamezungushwa fito za mkaratusi, mti ambao kule unalaumiwa kwa kufyonza maji ya ardhini, hivyo kuutumia ni kupunguza adui.

Chungu kile mtu anaweza kukiita pambo. Mimi sikiiti hivyo, kwa kuwa kingeondolewa chumba kingekuwa giza na moto. Lakini nakubali kwamba mpaka umekuwa mwembamba, na mwigaji asiye makini ataanza kupachika vyungu kwenye dari zenye taa za umeme na feni.

Nisivyoridhika navyo

Kisa hiki kina udhaifu wake na si haki kuuficha. Gando ilikuwa na Kéré. Mtoto wa mkuu wa kijiji, mwenye lugha ya kwao na ya wafadhili, mwenye heshima ya kusikilizwa barazani na uwezo wa kuchangisha Ujerumani. Vijiji vingi havina mtu huyo, na hakuna wizara inayoweza kumsambaza kwa waraka. Saruji, nondo na bati vilitoka dukani. Sehemu ya shule iliyo ya kijijini kweli ni kuta, dari na sakafu, si zaidi. Sakafu ya udongo nayo inataka kuangaliwa daima, na walioijua kuipiga wanazeeka.

Kuna pia suala la kasi. Mwaka huohuo wa 2001 ambao Gando ilipata madarasa matatu, Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi, na watoto wakamiminika. Kenya ikafuata Januari 2003. Madarasa yalihitajika kwa maelfu. Miaka ishirini baadaye, kwa fedha za UVIKO-19, Tanzania ilijenga madarasa 15,000 ndani ya miezi michache. Mkurugenzi mwenye tarehe ya mwisho mezani hawezi kungoja akina mama wasugue sakafu kwa jiwe. Anataka ramani moja, bei moja, linta moja kutoka Kagera mpaka Mtwara. Simlaumu. Mtoto aliyekaa chini ya mwembe hana muda wa kungoja msanifu atafakari urithi.

Ila ramani moja haina maana kwamba kila kitu ndani yake lazima kiwe kimoja. Dodoma kuna tembe la Wagogo, fupi, lenye tabaka la udongo juu, baridi mchana wa Oktoba. Anayelitazama tembe kama picha atachora darasa fupi lenye giza, na atakuwa amekosea. Anayelitazama kama somo la uzito wa udongo juu ya kichwa ataliweka tabaka hilo chini ya bati, kama ilivyofanyika Gando. Pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, watu hukimbilia mlango wa nakshi, wakati urithi unaokaribia kupotea ni wa kuchoma chokaa na kuijua inavyokauka ukutani bila kuufungia unyevu wa chumvi. Shule ya Pwani inayopakwa chokaa na fundi wa mtaani, ikawa na baraza ya kweli kati ya madarasa, inaweza kuwa na mlango wa kawaida wa mninga na bado ikawa ya hapo.

Kéré mwenyewe alipokuja kujenga Kenya hakuja na Gando mfukoni. Kwenye ufukwe wa Ziwa Turkana, mwaka 2021, ilikamilika kampasi ya Startup Lions ya kufundisha vijana teknolojia ya habari. Kule udongo, upepo na vumbi ni vingine, na kilichotazamwa ni vichuguu. Eneo lile lina vichuguu virefu vilivyosimama kama minara, na mchwa waliovijenga wanajua kutoa hewa moto juu na kuvuta baridi chini. Kampasi ikapewa minara mirefu inayofanya kazi hiyohiyo, ili kompyuta zisipate moto na vumbi lisiingie. Hakuna paa la kofia wala dari la matofali makavu. Aliyetarajia kuona "mtindo wa Kéré" alikuta kichuguu cha Turkana, na mafundi wa palepale waliojenga kwa mawe ya palepale.

Na Gando nako kazi haikuishia kwenye tuzo. Vijana waliojifunza tofali kwenye madarasa matatu ya kwanza ndio walioshika mwiko kwenye majengo yaliyofuata, kisha wakaanza kuitwa kujenga mbali na kijiji, wakilipwa kama mafundi.